Sura ya Kuazimwa: Walatino katika Filamu na Televisheni za Marekani

Kabla kamera ya filamu haijabuniwa, Walatino, yaani wakazi wa Marekani wenye asili ya Meksiko, Puerto Rico, Kuba na nchi nyingine za Amerika zinazozungumza Kihispania, walikuwa wamekwisha kuchorwa sura na majirani zao. Mnamo Februari 1848 Meksiko, iliyokuwa imeshindwa vitani, ilitia saini Mkataba wa Guadalupe Hidalgo na kuiachia Marekani zaidi ya nusu ya ardhi yake, ikiwemo California na sehemu kubwa ya nchi ambayo leo ni Arizona na New Mexico. Makumi ya maelfu ya Wameksiko waliokuwa wakiishi huko waligeuka wageni bila kuhama nyumba zao. Mkataba uliwaahidi uraia na usalama wa mali, lakini katika miongo iliyofuata wengi walipoteza mashamba yao mahakamani, kwa madeni na kwa kodi. Mnyang'anyi hutafuta sababu ya kumdharau aliyemnyang'anya, na sababu hiyo ilitafutwa katika tabia: Mmeksiko alisemwa kuwa mvivu, mwizi, mwepesi wa hasira na mtu wa visu. Mwaka 1855 California ilipitisha sheria ya kuadhibu uzururaji ambayo, katika maandishi yake rasmi, iliwataja watu wenye damu mchanganyiko ya Kihispania na ya wenyeji wa asili kwa tusi la mtaani, greaser, lenye maana ya mtu aliyejaa mafuta na uchafu. Riwaya za bei rahisi zilizosomwa kote nchini zilieneza picha hiyo, na filamu zilipoanza ziliikuta ipo tayari, ikisubiri tu kupewa mwendo.

Picha ya namna hiyo ndiyo inayoitwa taswira mgando: sura moja iliyogandishwa ambayo kila mtu wa kundi fulani huvishwa, hata kama watu wa kundi hilo hawafanani. Wahakiki wa fasihi ya Kiswahili wana istilahi iliyo karibu nayo, mhusika bapa, yaani mhusika asiyebadilika wala kuwa na undani, na katika filamu za mwanzo za Marekani Mmeksiko alikuwa bapa kupindukia. D. W. Griffith, mwongozaji aliyesifiwa kuwa mmoja wa waasisi wa sanaa hiyo, alitoa The Greaser's Gauntlet mwaka 1908. Ikafuata Tony the Greaser mwaka 1911, kisha The Greaser's Revenge mwaka 1914. Tusi lililokuwa limeandikwa ndani ya sheria sasa lilibandikwa juu ya milango ya majumba ya sinema, na watoto wa Kimeksiko wa Los Angeles na San Antonio walilipa senti zao kuingia humo.

Hata hivyo, sura hiyo haikuwa imara kama ilivyoonekana, na jambo linalojitokeza kila historia hii inapochunguzwa ni kwamba ilibadilika kufuatana na haja za Marekani yenyewe, wala si kufuatana na maisha ya waliochorwa. Mfano wa mapema ni ule wa Pancho Villa. Mapinduzi ya Meksiko yalipokuwa yamepamba moto, Januari 1914, jemadari huyo alifunga mkataba na kampuni ya Mutual ya Marekani iliyopewa ruhusa ya kupiga picha vita vyake, na filamu ya The Life of General Villa ikatoka mwaka huohuo ikimwonyesha kama shujaa, huku Raoul Walsh, aliyekuja kuwa mwongozaji mashuhuri wa Hollywood, akiigiza ujana wake. Baada ya miaka miwili Villa alishambulia mji wa Columbus, New Mexico, na jeshi la Marekani likatumwa kumsaka. Kuanzia hapo shujaa akawa tena jambazi wa zamani, mtu yuleyule, mwenye masharubu yaleyale.

Pigo la kwanza la maana dhidi ya taswira hiyo halikutoka kwa raia wa Marekani. Lilitoka kwa serikali ya Meksiko, ambayo mwaka 1922, chini ya Rais Álvaro Obregón, iliamua kupiga marufuku filamu zote za kampuni yoyote iliyotoa filamu hata moja ya kuwatukana Wameksiko. Uamuzi huo ulikuwa wa busara kubwa. Kukataza filamu moja kungekuwa hasara ndogo ambayo studio ingeisahau kesho yake, lakini kufungiwa soko zima la nchi jirani kuliumiza mfuko, na nchi nyingine za Amerika ya Kilatini zilianza kulitazama jambo hilo kwa makini. Studio ziliahidi kujirekebisha, na baadhi yao zilijirekebisha kwa hila: badala ya kumwondoa jambazi ziliondoa jina la nchi yake. The Dove ya mwaka 1927 ilidaiwa kutokea katika nchi ya kubuni iitwayo Costa Roja, ingawa mavazi, majina na tabia za wahusika vilimwambia kila mtazamaji kwamba hapo ni Meksiko. Hila hiyo ilikuwa ya aibu, lakini inathibitisha kwamba Hollywood ilifahamu vizuri kabisa ilichokuwa ikikifanya. Kama lingekuwa kosa la kutojua, pasingekuwa na haja ya kulificha.

Katika miaka hiyohiyo ilizuka sura ya pili, ya mpenzi wa Kilatini, mwanamume mtanashati mwenye mapenzi makali na hatari kidogo. Aliyeianzisha alikuwa Rudolph Valentino, Mwitalia aliyecheza tango kama Mwajentina katika The Four Horsemen of the Apocalypse mwaka 1921. Ramon Novarro na Dolores del Río, wote wawili wazaliwa wa jimbo la Durango nchini Meksiko, walipata umaarufu wa kweli katika filamu zisizo na sauti, wakati ambapo lafudhi haikusikika. Sauti ilipoingia mwishoni mwa miaka ya 1920, lafudhi ikawa alama ya ugeni, na mlango wa nafasi za heshima ukaanza kuwafungia. Mwigizaji mwenzao Lupe Vélez alisukumwa kwenye vichekesho, akafikia kuigiza mfululizo wa filamu za Mexican Spitfire kati ya 1939 na 1943, ambamo kazi yake ilikuwa kupiga kelele, kukasirika na kukosea Kiingereza. Del Río alichoka: mwaka 1943 alikuwa amerudi kwao kuigiza María Candelaria, filamu iliyotunukiwa zawadi kuu ya tamasha la Cannes mwaka 1946. Margarita Carmen Cansino, mzaliwa wa New York ambaye baba yake alikuwa mcheza dansi kutoka Hispania, alifuata njia nyingine. Alianza kwa kupewa nafasi za wasichana wa Kimeksiko, kisha studio ikampaka nywele rangi nyekundu, ikausogeza nyuma mstari wa nywele kwenye paji la uso kwa matibabu ya umeme yenye maumivu, ikampa jina la Rita Hayworth. Ndipo akawa nyota, baada ya kila dalili ya asili yake kufutwa. Mabadiliko yake hayo yalitendeka katika muongo ambao, kwa sababu ya mdororo wa uchumi, mamia ya maelfu ya watu wenye asili ya Meksiko, wengi wao raia halali wa Marekani, walirudishwa Meksiko kwa treni na malori.

Vita Vikuu vya Pili viligeuza upepo. Rais Franklin Roosevelt alikuwa ametangaza tangu 1933 sera ya ujirani mwema, yaani ahadi ya kutoingilia kwa nguvu mambo ya nchi za kusini, na masoko ya Ulaya yalipofungwa kwa vita, Amerika ya Kilatini ikawa muhimu kwa serikali kama mshirika na kwa studio kama mnunuzi. Mwaka 1940 iliundwa ofisi maalumu ya serikali ya kuratibu mambo ya Amerika, chini ya Nelson Rockefeller, ikiwa na kitengo chake cha filamu, na idara ya maadili ya studio, iliyokagua kila mswada wa filamu kabla ya kupigwa picha, ikaajiri mtaalamu wa mambo ya Amerika ya Kilatini. Disney ilitoa Saludos Amigos na The Three Caballeros. Carmen Miranda, aliyezaliwa Ureno na kukulia Brazili, alipandishwa jukwaani akiwa na kilemba cha matunda, na katika Down Argentine Way ya mwaka 1940 aliimba Kireno katika hadithi iliyodaiwa kuwa ya Buenos Aires, mji wa Kihispania na wa tango. Waajentina waliichukia filamu hiyo. Nia ilikuwa njema, lakini elimu ilikosekana, na nchi ishirini zenye historia tofauti zilifanywa kuwa sherehe moja ya ngoma na ndizi. Zaidi ya hayo, wema huo ulielekezwa nje. Mnamo Juni 1943, wakati skrini zikijaa nyimbo za undugu, mabaharia na askari wa Marekani waliwapiga vijana wa Kimeksiko katika mitaa ya Los Angeles na kuwavua suti zao pana za mtindo wa zoot, na studio zilizokuwa umbali mfupi tu hazikuona katika mkasa huo filamu ya kutengeneza.

Amani iliporudi, haja ya ujirani mwema ilikwisha, ingawa zilitokea filamu chache za kijamii zenye dhamira safi. Iliyo kubwa kuliko zote ilitengenezwa nje ya studio. Kuanzia Oktoba 1950 hadi Januari 1952, wachimbaji wa madini ya zinki wa Hanover, New Mexico, wengi wao wenye asili ya Meksiko, waligoma wakidai masharti ya kazi na makazi sawa na ya wenzao wazungu. Mahakama ilipowakataza wanaume kusimama langoni mwa mgodi, wake zao walichukua nafasi, wakapigwa mabomu ya machozi na kutiwa jela pamoja na watoto wao, na hawakuondoka. Herbert Biberman, mwongozaji aliyekuwa amefungwa kwa kukataa kuhojiwa na kamati ya Bunge iliyowasaka wakomunisti, aliungana na mwandishi Michael Wilson na mtayarishaji Paul Jarrico, nao walionyimwa kazi kwa sababu hiyohiyo, kuigeuza habari hiyo kuwa filamu ya Salt of the Earth. Wachimbaji na wake zao waliusoma mswada, wakaukosoa, ukarekebishwa. Kisha wengi wao wakaigiza wenyewe, na Juan Chacón, kiongozi wa tawi la chama chao cha wafanyakazi, akachukua nafasi ya mhusika mkuu. Rosaura Revueltas, mwigizaji kutoka Meksiko, alikamatwa na maofisa wa uhamiaji na kurudishwa kwao kabla picha hazijakamilika. Maabara zilikataa kusafisha filamu, na ilipotolewa Machi 1954 waendesha mitambo wa sinema walikataa kuionyesha, hivyo ikaonekana katika kumbi chache mno. Kwa mara ya kwanza Wameksiko wa Marekani walikuwa wamesema katika filamu jinsi walivyotaka kuonekana, na nguvu zote za nchi zikatumika kuhakikisha kwamba hawaonekani. Mwaka 1992 Maktaba ya Bunge iliiingiza filamu hiyo katika orodha ya kazi za kuhifadhiwa daima kwa thamani yake kwa taifa.

Katika televisheni, mafanikio ya kwanza yalitokana na umiliki. Desi Arnaz, mzaliwa wa Santiago de Cuba, alimwoa mwigizaji Lucille Ball, na mkewe alipotakiwa na kituo cha CBS kwa kipindi cha vichekesho, wakuu wa kituo walitilia shaka kama watazamaji wangemkubali mume Mkuba. Wawili hao walizunguka majukwaani kuthibitisha kwamba wangekubalika, wakaanzisha kampuni yao ya Desilu, na kuanzia Oktoba 1951 I Love Lucy ikawa kipindi kilichopendwa kuliko vyote. Kwa kukirekodi kwenye filamu kwa kamera tatu na kukimiliki, Arnaz alifungua njia ya biashara ya marudio ambayo televisheni inaitegemea mpaka leo. Lafudhi yake ilichekwa, ni kweli. Lakini Ricky Ricardo, mhusika aliyemwigiza, alikuwa baba, mume na mfanyakazi mwenye akili timamu, na ndoa yake na mwanamke mweupe iliingia kila juma katika nyumba za watu ambao huenda wasingempangisha chumba. Kwa muda mrefu hakupata mrithi.

Filamu ya West Side Story, iliyotoka mwaka 1961 na kutwaa tuzo 10 za Oscar, inadhihirisha mkanganyiko mzima. Iliwaleta Wapuerto Rico wa New York mbele ya dunia kwa muziki na dansi za ustadi usiopingika, lakini msichana wao mkuu aliigizwa na Natalie Wood, binti wa wahamiaji kutoka Urusi, na kiongozi wa genge lao na George Chakiris, mwenye asili ya Ugiriki. Rita Moreno, mzaliwa wa Humacao, Puerto Rico, alishinda Oscar kwa nafasi ya Anita, Mlatina wa kwanza kuipata. Ameeleza mara nyingi jinsi waigizaji wote wa kundi hilo walivyopakwa rangi moja ya kahawia, kana kwamba Puerto Rico, kisiwa cha watu wa kila rangi, kina ngozi ya namna moja tu. Baada ya ushindi huo aliletewa nafasi za wasichana wa magenge, akazikataa, akakaa nje ya filamu kubwa kwa miaka kadhaa. Mshindi wa tuzo kubwa kuliko zote alionekana hana kazi ya kufanya kwa sababu hakuna aliyekuwa ameiandika.

Harakati za haki za kiraia ziliwapa raia silaha ambayo Obregón aliitumia miaka arobaini na zaidi kabla yao, yaani kugusa biashara. Mwaka 1967 katuni ya jambazi wa Kimeksiko anayeiba vitafunio ilianza kutangaza bidhaa katika televisheni. Mashirika ya Wameksiko wa Marekani yaliishambulia bila kuchoka, na ilipofika 1971 ilikuwa imeondolewa. Mwaka 1970 mwigizaji Ricardo Montalbán alianzisha chama cha Nosotros kutetea heshima ya waigizaji Walatino, na baadaye alieleza kwamba msimamo huo ulimpunguzia kazi. Luis Valdez, aliyeunda kundi la maigizo la El Teatro Campesino mwaka 1965 katikati ya mgomo wa vibarua wa mashamba ya mizabibu huko Delano, alifikisha mchezo wake wa Zoot Suit Broadway mwaka 1979 na kwenye filamu mwaka 1981, na hatimaye studio zikatazama mkasa wa vijana wa suti pana. La Bamba yake ya 1987 ilipata faida kubwa, na mwaka uliofuata Edward James Olmos alimwigiza Jaime Escalante, mwalimu wa hisabati wa mashariki mwa Los Angeles, katika Stand and Deliver, akateuliwa kuwania Oscar. Gregory Nava alikuwa amekwisha kutoa El Norte mwaka 1983, safari ya ndugu wawili wanaokimbia mauaji ya Guatemala, ambayo inastahili kutazamwa leo kuliko hotuba yoyote kuhusu wahamiaji.

Lakini filamu iliyoshika mawazo ya vijana wa muongo huo ilikuwa nyingine. Mwaka 1980 Wakuba wapatao 125,000 walivuka bahari kutoka bandari ya Mariel kwenda Florida, na mwaka 1983 Al Pacino, mwenye asili ya Italia, alimwigiza mmoja wao, mhalifu Tony Montana, katika Scarface. Wakuba wa Miami walipinga vikali, na sehemu kubwa ya filamu ikapigwa California. Mfanyabiashara wa dawa za kulevya alichukua farasi wa jambazi wa zamani na kuvuka naye hadi karne hii. Wanawake walisubiriwa na sare ya utumishi: Lupe Ontiveros, mzaliwa wa El Paso aliyekuwa ofisa wa ustawi wa jamii kabla ya kuwa mwigizaji, alikadiria kwamba alicheza mtumishi wa nyumbani mara zipatazo 150. Hakuidharau kazi ya utumishi, na hakuna sababu ya kuidharau. Alichokilalamikia ni kwamba kipaji cha mwigizaji wa kiwango chake kilifungiwa jikoni.

Mwaka 1999 vituo vikubwa vilitangaza vipindi vipya 26 ambavyo hakuna hata kimoja kilichokuwa na mhusika mkuu kutoka jamii za wachache. Mashirika ya Walatino yakawahimiza watu wao kuzima televisheni, na vituo vikakubali kutia saini makubaliano ya kuwapa nafasi zaidi. Ugly Betty ilianza 2006, ikitokana na tamthilia ya Kolombia ambayo watengenezaji wake hawakuwahi kuhitaji ruhusa ya mtu kuwaona Walatino kuwa watu kamili, na America Ferrera akashinda tuzo ya Emmy mwaka uliofuata. Mwaka 2013 Disney ilijaribu kusajili jina la sikukuu ya wafu ya Wameksiko kama alama yake ya biashara. Malalamiko yalipotokea ilirudi nyuma, ikamwajiri mchoraji katuni Lalo Alcaraz, aliyekuwa ameikejeli hadharani, awe mshauri wa filamu ya Coco, iliyopendwa Meksiko kwenyewe. Kati ya 2014 na 2019 waongozaji watatu wa Meksiko, Cuarón, Iñárritu na del Toro, walitwaa tuzo ya Oscar ya mwongozaji bora mara tano, heshima kubwa kwa nchi yao, ingawa watoto wa wahamiaji waliozaliwa Chicago na Houston hawakupata milango zaidi kwa sababu hiyo. Walatino nao walianza kuulizana maswali magumu: In the Heights ilipotoka mwaka 2021 bila Walatino wenye asili ya Afrika walio na ngozi nyeusi zaidi katika nafasi kuu, ilhali mtaa wa Washington Heights, New York, inamotokea hadithi hiyo, umejaa watu wenye asili ya Jamhuri ya Dominika, mtunzi wake Lin-Manuel Miranda aliomba radhi.

Sensa ya 2020 ilihesabu Walatino milioni 62.1, karibu mtu mmoja kati ya kila watano nchini. Uchunguzi wa Chuo Kikuu cha Southern California kuhusu filamu 1,200 zilizovuma zaidi kati ya 2007 na 2018 ulikuta kwamba wahusika wakuu Walatino walikuwa asilimia 3 tu. Mwaka 2021 ofisi ya ukaguzi ya Bunge iliripoti kwamba Walatino walikuwa asilimia 12 ya wafanyakazi wa sekta ya habari na burudani, ilhali katika sekta nyingine walikuwa asilimia 18. Jambazi na mtumishi wamedumu kwa sababu wanaoketi mahali filamu zinapoandikwa na kugharimiwa si wale wanaochorwa, na hilo halijabadilika kiasi cha kutosha tangu wachimbaji wa Hanover waliposhika mswada wao mikononi.